Namba zinacheza, pikipiki inatetemeka: kutafuta chanzo unapobalansi throto bodi nyumbani

Pikipiki ya silinda mbili au nne ikianza kutetemeka kwenye foleni ya Ubungo, mikono ikafa ganzi kabla hujafika Kimara, neno la kwanza utakaloambiwa kijiweni ni kwamba throto, yaani milango inayopitisha hewa kwenda kila silinda, zimepoteza balansi. Mara nyingine ni kweli. Siku hizi kazi hiyo haihitaji tena mirija ya zebaki. Kuna vifaa vya kielektroniki vinavyolinganisha mnyonyo wa hewa wa silinda, kama TwinMax, na wapo vijana wanaojitengenezea chao kwa Arduino, kibodi kidogo cha kuprogramu, na sensa mbili. Unachomeka mipira, unasoma namba, unazungusha skrubu ya hewa, umemaliza.

Ugumu unaanza pale namba zinapokataa kutulia, au zinapolingana vizuri kabisa na pikipiki ikabaki inatetemeka kama mwanzo. Wengi hapo huendelea kuzungusha skrubu, na hapo ndipo injini nzima inapoharibiwa mpangilio wake. Msimamo wangu ni huu: skrubu ndiyo ya mwisho kuguswa. Tofauti ya mnyonyo kati ya silinda ni dalili tu. Inaweza kuwa imetoka kwenye kifaa, kwenye mipira ya kupimia, kwenye tapeti (nafasi ya valvu), au kwenye throto yenyewe. Ukiifuta kwa bisibisi kabla hujajua imetoka wapi, ugonjwa unabaki ndani na dalili umeizima.

Kama una Boxer, TVS au pikipiki nyingine ya silinda moja, huna cha kubalansi, kwa sababu hakuna silinda ya pili ya kulinganisha nayo. Mtetemo wako utafute kwenye plagi, kabureta, tapeti na bolti zinazoshika injini.

Kinachopimwa ni nini

Kila silinda inavuta hewa kupitia kisahani chake kinachofunguka unapovuta mafuta. Nyuma ya kisahani hicho presha huwa chini kuliko ya nje. Dar es Salaam tuko usawa wa bahari, hivyo presha ya nje ni kama kilopaskali 101. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa mafuta, presha ya ndani hushuka kwa kilopaskali 20 hadi 35 hivi chini ya hapo, kutegemea injini. Huo mshuko ndio mnyonyo.

Kisahani kimoja kikiwa wazi zaidi kwa unene wa karatasi tu, silinda yake inapata hewa zaidi, inasukuma zaidi, na mnyonyo wake unapungua. Ni kama watu wawili wanaosukuma mkokoteni, mmoja ana nguvu kuliko mwenzake: mzigo unakwenda, lakini mkokoteni unavutana njia nzima. Ndiyo maana tofauti inasikika zaidi sailensa, pale visahani vimebanwa karibu kufunga. Ukivuta mafuta mengi, unene huo wa karatasi hauna maana tena.

Vitabu vingi vya matengenezo huruhusu tofauti ya milimita 10 hadi 20 za zebaki kati ya silinda, sawa na kilopaskali 1.3 hadi 2.7. Tafuta kiwango cha pikipiki yako. Na ukikifikia, acha. Nimeona watu wakipoteza Jumapili nzima wakifukuza sifuri ambayo kiwandani hawakuitaka.

Kabla ya kuwasha kifaa

Tapeti kwanza. Hili silegezi. Valvu iliyobana haifungi vizuri, na silinda yake itaonyesha mnyonyo mdogo hata kama throto ni mpya kutoka kwenye boksi. Kisha angalia plagi, filta ya hewa, na uhakikishe waya wa mafuta una ulegevu kidogo: geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho, injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukipanda, waya umebana, na kila namba utakayosoma siku hiyo itakudanganya.

Injini iwe imepata moto kwa kuendeshwa, dakika 10 au 15 barabarani. Kuiacha iungurume uani mpaka ipate moto si sawa na hilo, hasa kwa injini zinazopozwa na hewa. Joto letu la Januari na Februari halisamehe injini iliyosimama, kwa hiyo fanya kazi asubuhi na weka feni ya nyumbani mbele yake. BMW za silinda mbili zinazochomoza pembeni zinahitaji hiyo feni kweli.

Fanyia uani, mahali penye upepo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu bila kumshtua. Usifanyie kwenye gereji iliyofungwa wala chini ya dirisha la chumba anacholala mtu.

Jambo la tanki pia. Pikipiki ya kabureta unaweza kuilisha petroli kutoka kwenye chupa ndogo iliyoning'inizwa. Ya injekta usithubutu. Pampu yake iko ndani ya tanki, inasukuma petroli kwa presha ya karibu baa 3, na mpira wa kuungaunga ukichomoka hapo petroli inamwagikia injini ya moto. Inua tanki, liegemeze kwa gongo la mbao, mipira yake ibaki imeungwa kama ilivyo.

Kipimo kinachogawa tatizo mara mbili

Unganisha mipira kwenye vibomba vidogo vya mnyonyo vilivyo nyuma ya visahani, soma tofauti, iandike. Zima. Sasa badilisha mipira: wa kushoto upeleke silinda ya kulia, wa kulia upeleke ya kushoto. Washa, soma tena.

Kama upungufu umebaki kwenye silinda ileile, tatizo ni la pikipiki. Kama upungufu umehama pamoja na mpira, tatizo ni la kifaa chako, na hakuna skrubu hata moja ya kugusa. Mara nyingi utakuta vyote viwili vimechanganyika: tofauti ilikuwa kilopaskali 4, baada ya kubadilisha imekuwa 2 upande uleule. Hapo 3 ni za pikipiki na 1 ni ya kifaa. Hesabu ni rahisi: jumlisha masomo mawili, gawa kwa mbili, unapata tofauti halisi ya pikipiki. Kilichobaki ni cha kifaa.

Kazi hii ni ya dakika chache na hutaona mtu anayeifanya. Ukichukua jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, chukua hili.

Kifaa kinaonyesha tofauti hata injini ikiwa imezimwa

Injini imezimwa, mipira yote miwili inavuta hewa moja ya Dar es Salaam, lakini kioo kinasema kuna tofauti ya kilopaskali 2. Usishtuke. Sensa mbili za aina moja hazifanani kabisa.

Chukua MPX4115A, ambayo wengi wanaojitengenezea kifaa huipenda. Inapima kilopaskali 15 hadi 115, na kosa linaloruhusiwa na mtengenezaji ni asilimia 1.5 ya upeo huo, juu au chini. Hiyo ni kama kilopaskali 1.5 kwa kila sensa. Moja ikikosea juu na nyingine chini, tayari una tofauti ya 3, kubwa kuliko ile unayoitafuta kwenye pikipiki. Sensa zote mbili ni nzima, na ukizifuata bila kuzisawazisha utaharibu injini iliyokuwa sawa.

Kwa hiyo kila unapoanza, rudisha kifaa sifuri. TwinMax ina kitufe cha kuzungusha kwa kazi hiyo. Kifaa cha Arduino kiandikie programu isome sensa zote mbili kabla injini haijawashwa, ihifadhi tofauti, kisha iwe inaitoa kwenye kila somo.

Lakini sifuri ya hewa ya nje haitoshi. Sensa zinaweza kukubaliana kwenye 101 zikapishana kwenye 70, kule kwenye mnyonyo wenyewe. Dawa ni kiungo cha T. Chukua silinda moja, toa mnyonyo wake kwa mpira mmoja, ugawe kwa T uende kwenye sensa zote mbili. Injini ikiunguruma, zinapima kitu kimoja, kwa hiyo lazima zisome kimoja. Tofauti utakayoiona hapo ndiyo ya kuitoa.

Sifuri ikihamahama kila dakika chache, angalia betri. Vifaa vingi vya aina hii vinatumia betri ya volti 9, na ikichoka sifuri haikai. Ukikilisha cha Arduino kutoka kwenye simu au pawabenki, hakikisha sensa zote mbili zinakula umeme wa mstari mmoja. Volti ikishuka kidogo, zishuke pamoja, na tofauti kati yao haitayumba.

Namba hazitulii kabisa

Hili ndilo linalokatisha watu tamaa kuliko yote, na mara nyingi si kasoro ya kitu chochote.

Injini ya mipigo minne inavuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikiwa sailensa ya 1,200 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 20 kwa sekunde, yaani kila silinda inavuta mara 10 kwa sekunde. Kwa kuwa kila silinda ina throto yake peke yake, hakuna chumba cha pamoja cha kutuliza hewa. Presha inadondoka, inapanda karibu kufikia ya nje, inadondoka tena. Na silinda mbili hazivuti kwa pamoja. Hata kwenye BMW ambayo pistoni zake zinakwenda nje na ndani kwa wakati mmoja, mmoja anapovuta hewa mwenzake yuko kwenye mpigo wa kazi. Kwa hiyo ukipima tofauti ya papo hapo, itaruka huku na huku hata throto zikiwa sawa kabisa. Unachotaka ni wastani.

Wastani unaupata kwa njia mbili, na ni vyema kuzitumia zote. Ya kwanza ni kuubana mpira ili mapigo yafike kwenye sensa yakiwa yamepungua nguvu. Hapa mjini kuna kitu kinachofaa mno: mpira wa dripu kutoka duka la dawa. Ni laini, unaona ndani kama petroli inapanda, na una kile kigurudumu cha kubania. Nunua wa aina moja, kata vipande viwili vya urefu uleule, na ubane kigurudumu kidogo kidogo pande zote mbili mpaka namba zitulie. Usibane upande mmoja kuliko mwingine. Mpira uliobanwa sana unachelewa kufuata injini, utazungusha skrubu, hutaona kitu, utazungusha tena, kisha namba zitakuja zote kwa mpigo ukiwa umeshapitiliza. Mpira huo haupendi petroli wala joto, kwa hiyo uweke mbali na ekzosi na uutupe ukianza kuwa mgumu.

Njia ya pili ni programu. Kifaa kisome mara nyingi kwa sekunde, angalau mia mbili kwa kila sensa, na kikupe wastani wa sekunde nzima au zaidi. Wastani wa muda mfupi sana unachukua kipande cha mpigo badala ya mipigo mizima, ndipo namba zinaonekana zikipanda na kushuka polepole bila sababu.

Ukiwa umefanya yote hayo na silinda moja bado inaruka wakati mwenzake ametulia, badilisha mipira. Ikibaki kuruka silinda ileile, hapo kuna habari: inakosa moto mara moja moja, au valvu yake haikai. Na namba zikiruka hovyo kila ukigusa waya wa plagi au ukisogeza kifaa karibu na koili, ni umeme wa plagi unaoingia kwenye nyaya za sensa. Sogeza kifaa mbali na fupisha nyaya. Urefu ukae kwenye mipira.

Tofauti inahama na mpira

Kagua ncha za mipira, zimepasuka au zimelegea. Puliza ndani, toa matone. Asubuhi za hapa zina unyevu, na tone moja la maji au petroli kwenye mpira mwembamba linatosha kuupotosha usomaji. Kata ncha sentimita moja, chomeka upya, rudia kipimo cha T. Hayo tu.

Silinda moja ina mnyonyo mdogo na haipandi

Hapa kuna hatari ambayo nataka uione kwa karibu. Kijana mmoja wa Tabata alileta Versys 650 inayotaka kuzima kila akisimama.

"Fundi, nimeibalansi mwenyewe jana. Namba zimelala sawasawa, lakini sasa ndiyo mbaya kuliko kwanza."

"Skrubu ulizungusha ya upande gani, mdogo wangu?"

"Ya kulia. Kushoto ndiko mnyonyo ulikuwa mdogo, nikaifungua ya kulia ishuke zifanane."

Skrubu ya hewa ukiifungua, unapitisha hewa zaidi pembeni ya kisahani, na mnyonyo unapungua. Kwa hiyo njia rahisi ya kupata usawa ni kuishusha silinda isiyo na kasoro iwe kama mgonjwa. Kifaa kitafurahi, injini haitafurahi.

Tukachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi, injini ikiwa sailensa, tukanyunyiza matone kuzunguka mpira unaoshika throto ya kushoto kwenye kichwa cha injini. Juu, kimya. Pembeni, kimya. Chini, mlio ukabadilika hapo hapo, ukatulia, kisha ukarudi kuyumba maji yalipokauka. Tulipoutoa mpira na kuukunja kwa vidole, ufa ulifunguka upande wa chini, mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Ukiwa umefungwa mahali pake hauonekani kabisa. Mpira mpya, skrubu ya kulia ikarudishwa ilipokuwa, na tofauti ikashuka chini ya kilopaskali 1 bila kubalansi chochote.

Nasisitiza maji. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki, na kweli inaonyesha ufa haraka zaidi, lakini inawaka, na wewe unainyunyiza kwenye injini ya moto.

Kama mipira inayoshika throto ni mizima, rudi kwenye tapeti, hasa za ekzosi. Tapeti zikiwa sawa, pima kompresheni. Silinda yenye kompresheni ya chini kuliko mwenzake haibalansiwi kwa skrubu. Inafunguliwa.

Unazungusha skrubu, namba hazisogei

Kijia cha hewa kimeziba kwa masizi. Barabara zetu zina vumbi, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye boksi la filta unalishikisha vumbi hilo kwenye throto. Kabla ya kuitoa skrubu, ifunge taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko na robo zake, na uandike. Usiikaze, ncha yake ni nyembamba. Kisha itoe, safisha skrubu na kijia chake, angalia kama ina ringi ndogo ya mpira na kama ringi hiyo ni nzima, rudisha kwa hesabu ileile.

Injini nyingi za silinda nne zina silinda moja iliyowekwa kiwandani kuwa ya rejea, skrubu yake haiguswi, nyingine tatu zinaifuata. Soma kitabu ujue ni ipi. Na kuna skrubu nyingine, ile inayozuia kisahani kisifunge kabisa, mara nyingi imepakwa rangi au gundi. Hiyo iliwekwa kiwandani kwa vipimo usivyonavyo nyumbani. Iache, hata mtu akikuapia.

Sailensa zimelingana, ukivuta mafuta zinaachana

Hizi ni balansi mbili tofauti. Sailensa inatawaliwa na skrubu za hewa. Ukivuta mafuta, kinachotawala ni jinsi visahani vinavyofunguliwa, yaani waya au vyuma vinavyounganisha throto moja na nyingine. Kwa hiyo pima pia kwenye mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika, kwa sekunde chache tu, bila kuikalisha injini hapo ikipata moto.

Kwenye BMW za zamani zenye silinda zinazochomoza pembeni kila throto ina waya wake, na hiki ndicho kisa cha kila siku: waya mmoja umelegea kuliko mwenzake. Rekebisha waya mpaka visahani vianze kufunguka kwa wakati mmoja. Anayesafiri kwenda Morogoro au Dodoma atafaidika na balansi hii kuliko ile ya sailensa, kwa sababu safari nzima yuko hapo. Kwenye injini za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, mara nyingi kuna skrubu tatu kwenye vyuma vya kuunganisha: linganisha ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, kisha jozi mbili kwa skrubu ya katikati. Ukianza na ya katikati utazunguka mpaka jioni.

Kuna kipimo kidogo cha kufanya hapo hapo. Soma namba sailensa, vuta mafuta, achia, soma tena. Rudia. Zikirudi tofauti kila mara, kuna kitu kinakwama: waya wenye kutu, au mhimili wa kisahani uliolika. Wanaokaa Kigamboni au Kunduchi wanaijua chumvi ya bahari inavyokula nyaya. Waya ubadilishe. Mhimili uliolika hauna marekebisho ya nyumbani, kwa sababu unavuta hewa pembeni na kila ukiachia mafuta kisahani kinakaa mahali papya.

Sailensa inapanda au inashuka yenyewe wakati unapima

Angalia kwanza vibomba vyote vya mnyonyo: kimoja kilichoachwa wazi kinatosha kupandisha mlio. Kama umechomeka kifaa kwenye mpira unaokwenda kwenye sensa ya presha ya injini, tumia T ili sensa iendelee kupata mnyonyo wake. Ukiinyima, kompyuta ya injini inadhani mafuta yamevutwa mpaka mwisho, inamwaga petroli, na taa ya njano inawaka.

Pikipiki zenye mota ya kurekebisha sailensa zina tabia ya kukufuata. Wewe unafungua skrubu, kompyuta inaona mizunguko imepanda, inabana. Fanya badiliko dogo, subiri itulie, ndipo usome. Na kwa injini za maji, feni ya rejeta ikiwaka mzigo wa umeme unabadilika na sailensa inayumba kidogo. Subiri izime.

Namba zimelingana, bado inatetemeka

Kwanza jua mtetemo unafuata nini. Simama, gia huru, pandisha mizunguko taratibu. Ukiupata mtetemo uleule hapo, ni wa injini. Ukiupata barabarani tu, kwa mwendo fulani hata ukibadilisha gia, ni tairi, cheni au beringi, na throto hazihusiki.

Kama ni wa injini, tafuta silinda isiyofanya kazi sawa. Washa injini ikiwa ya baridi, na baada ya nusu dakika dondoshea tone la maji kwenye bomba la ekzosi la kila silinda, karibu na kichwa cha injini. Palipopoa maji yanakaa, palipopata moto yanachemka na kupotea. Kipimajoto cha kupiga kwa mbali kinafanya kazi nzuri zaidi, ila kiwe cha viwandani, maana kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakifiki joto la ekzosi. Silinda yenye bomba la baridi inahitaji plagi, koili au kusafishiwa injekta. Mnyonyo wake unaweza kuwa mzuri tu, kwa sababu inavuta hewa vizuri hata kama haichomi kitu. Kifaa cha mnyonyo hakioni moto, kinaona hewa tu.

Mabomba yote yakiwa ya moto, kaza bolti zinazoshika injini kwenye fremu kwa kipimo cha kitabu, na usisahau zile za usukani.

Mtu huuliza kama balansi ya Dar es Salaam itaharibika akipanda Iringa. Haiharibiki. Mji ule uko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kila silinda itasoma namba nyingine, lakini zote zinabadilika pamoja. Tofauti kati yao inabaki karibu ileile.

Siku chache baadaye inapiga mafataki kwenye ekzosi

Ukiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inapiga pa-pa-pa, na kabla ya kubalansi haikuwa hivyo. Karibu kila mara ni kofia za mpira zinazoziba vibomba vya mnyonyo. Zilikaa miaka kwenye joto, ukazichomoa, ukazirudisha, zikapasuka pale zilipokunjwa. Silinda hiyo sasa inavuta hewa ya pembeni na mchanganyiko wake umekuwa mwepesi. Nunua kofia mpya pamoja na vitu vyako vingine ukipita Kariakoo, tena kabla ya kuanza kazi. Ukizikosa, kipande kifupi cha mpira wa petroli kilichozibwa kwa bolti na kubanwa kwa klipu kinashika vizuri. Ukishaziba, pima tena kwa kifaa kabla ya kurudisha tanki.